Mwana wa Mhunzi Asiposana Huvukuta: Somo Juu ya Kazi ya Vioo na Ukoo Unaoiendesha



Somo letu linahusu kazi ya ukoo, yaani biashara inayoendeshwa na baba, mama na watoto wao chini ya paa moja. Tumechagua mfano wa kazi ya vioo: kukata vioo na kuvitia madirishani, na pia ile sanaa ya kupanga vipande vya vioo vya rangi hadi vikatoa picha.

Mtauliza, mbona vioo, na sisi ni watu wa mbao na majahazi? Sababu ni mbili. Kwanza, seremala wa leo akiletewa kazi ya dirisha, mara nyingi mteja anataka na kioo ndani yake. Fundi asiyejua kioo hukosa nusu ya kazi. Pili, kioo ni mwalimu mkali. Mbao ukikosea kidogo utaziba kwa unga wa msumeno na gundi. Kioo ukikosea kimekwisha. Na biashara ya ukoo ni hivyo hivyo: ufa mdogo usipoonekana mapema, siku moja unasikia "pa!" na vipande viko chini.

MALENGO YA SOMO

Tukimaliza, kila kikundi kiweze:
1. Kueleza jinsi koo nyingine zilivyoendesha kazi ya vioo na mikono.
2. Kupiga hesabu ya kazi moja bila kusahau jasho la mtu yeyote wa nyumbani.
3. Kuandika mapatano mafupi ya biashara ya ukoo.

Tutafuata njia yetu ya kawaida: tuone, tupime, halafu tutende.

SEHEMU YA KWANZA: TUONE

Kioo si kigeni huku kwetu

Wataalamu wa mambo ya kale walichimba Manda kuanzia mwaka 1966 chini ya Neville Chittick, na Shanga katika kisiwa cha Pate katika miaka ya 1980 chini ya Mark Horton. Miongoni mwa vitu walivyovikuta ni shanga za kioo na vipande vya vyombo vya kioo vilivyoletwa na biashara ya bahari zaidi ya miaka elfu iliyopita. Kwa hiyo wazee wetu walikijua kioo zamani sana. Lakini walikijua kama bidhaa ya kununua.

Madirisha ya kioo ni jambo jingine. Nyumba za mawe za kale za Amu hazikuhitaji kioo. Mwanga uliingia kwa kiwanda cha ndani, na kuta zilipambwa kwa zidaka. Upande wa njiani madirisha yalikuwa machache, tena ya mbao. Baadaye, hasa katika karne ya 19, mafundi na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi walileta mitindo yao katika pwani yote. Aliyefika Unguja atakuwa ameliona lile jengo la Zahanati ya Zamani karibu na bandari, lililoanzwa mwaka 1887 kwa gharama ya Tharia Topan, lenye nakshi za mbao na vioo vya rangi. Jua likipiga, rangi zinamwagika sakafuni.

Vioo hivyo vinatengenezwaje? Kioo ni mchanga, magadi na chokaa vilivyoyeyushwa kwa moto mkali sana. Magadi yetu ya Ziwa Magadi ni mojawapo ya malighafi za kioo. Rangi hutokana na madini yanayotiwa katika moto: kobalti huleta buluu, shaba huleta kijani au rangi ya feruzi, na chuma huleta ule ukijani wa chupa. Fundi wa vioo vya rangi huchora kwanza picha nzima kwenye karatasi kwa kipimo kamili cha dirisha. Kisha anakata vipande kufuata mchoro, anaviunganisha kwa vijiti vya risasi vyenye mfereji pande mbili, na kulehemu kila kiungo. Kuna na njia nyingine, ya kutumia vioo vinene vilivyoshikwa kwa zege.

Sasa tuwatazame watu wenyewe.

Mama na mwana: Kitengela

Nje kidogo ya Nairobi, ng'ambo ya Mbuga ya Wanyama, kuna mahali panapoitwa Kitengela. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1970, alihamia Nani Croze, mama msanii mzaliwa wa Ujerumani. Alikuwa mchoraji wa picha za ukutani, kisha akaingia katika vioo vya rangi. Wakati huo Kenya hakukuwa na duka la kununua vioo vya namna hiyo kwa bei nafuu. Alifanya nini? Alitumia vioo vilivyotupwa: vipande vya madirisha na chupa. Akafundisha vijana wa jirani, wengine hawajawahi kushika almasi ya kukatia kioo maishani. Kazi za karakana hiyo zimeingia makanisani na katika majengo mengi ya umma.

Mwanawe Anselm alikulia humo humo. Lakini angalieni jambo hili. Hakubaki kuwa kivuli cha mama. Alijifunza kazi ya kupuliza kioo cha moto, na katika miaka ya mwanzo ya 1990 akaanzisha tanuri lake, akiendelea na desturi ile ile ya kutumia kioo kilichokwisha kutumika. Zikawa karakana mbili, jirani, zenye majina yanayofanana, lakini kila moja na mlango wake na kazi yake. Mama ana vioo vya rangi vya kupanga, mwana ana bilauri na vyombo vya kupuliza. Mteja wa mmoja huvuka akamwona na wa pili.

Baba na binti: Murano

Ng'ambo ya bahari, karibu na mji wa Venice nchini Italia, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Murano. Mwaka 1291 wenye mamlaka waliamuru matanuri ya vioo yahamishiwe huko, kwa kuogopa moto kuuteketeza mji. Tangu hapo kisiwa kizima kikawa cha mafundi wa vioo, ukoo kwa ukoo. Shanga zilizotoka upande huo zilifika hata huku kwetu, zikapita Unguja kwenda bara katika biashara ya karne ya 19.

Ukoo mmoja maarufu wa Murano ni wa Barovier. Angelo Barovier, aliyefariki mwaka 1460, anajulikana kwa kioo cheupe kisicho na doa. Binti yake Marietta aliifanya kazi hiyo hiyo, na mwaka 1487 alipata ruhusa rasmi ya kuwa na tanuri lake dogo. Binti, miaka zaidi ya 500 iliyopita! Jamani, ni wangapi kati yetu mpaka leo wanamwambia binti, "Wewe fagia karakana, kaka yako ashike nyundo"?

Murano wana na upande mwingine wa hadithi. Mafundi walikatazwa kutoka kisiwani wasije wakauza siri ya kazi. Siri ilileta utajiri, lakini ilimfunga fundi kama ndege tunduni. Tutairudia habari hii ya siri.

Ukoo wa hapa kwetu: Amu

Hatuna haja ya kwenda mbali kila mara. Amu ni mji wa koo za mafundi: wachongaji wa milango, waunda vyombo wa Matondoni, wasuka mikeka. Ali Skanda ametoka katika ukoo wa mafundi wa hapa. Ndiye aliyeongoza ujenzi wa Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa taka za plastiki karibu tani 10 na kupambwa kwa kandambili kuukuu. Lilishushwa majini hapa Amu mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Ujuzi ulikuwa ule ule wa kuunda jahazi la mbao. Kilichobadilika ni kitu cha kuundia. Na kama vile Kitengela walivyookota chupa, hapa waliokota taka za ufuoni.

SEHEMU YA PILI: TUPIME

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake, mtoto wa fundi hata kama hajashika nyundo atakuwa na sehemu yake ya kazi, atavuta mivukuto. Ni methali nzuri. Lakini inatuachia swali: yule anayevukuta, analipwa nini? Na mivukuto ni ya nani siku mhunzi akiondoka duniani?

Katika kuzungukia vikundi tumeona nyufa nne zinazovunja kazi za ukoo.

Ufa wa kwanza: kapu moja la fedha

Fedha ya mteja inaingia mfuko wa baba, inanunua samaki, inalipa karo, na siku ya kununua kioo haipo. Tuchukue mfano wa kujifunzia tu. Bei mtazibadilisha kufuatana na soko lenu.

Dirisha moja limeuzwa kwa Sh. 6,000. Gharama zake:
- Kioo: Sh. 2,400
- Mbao: Sh. 1,100
- Puti: Sh. 150
- Skrubu na bawaba: Sh. 100
- Mashua kutoka Mokowe na punda: Sh. 250
Jumla: Sh. 4,000.

Fundi anasema, "Nimepata faida ya 2,000." Je, ni kweli? Baba amefanya kazi siku 2, mwana siku 2, na mama nusu siku ya kupokea mteja, kusafisha kioo na kuandika. Tuseme siku moja ni Sh. 500. Baba 1,000, mwana 1,000, mama 250. Jumla ya jasho ni Sh. 2,250. Kumbe dirisha limekula hasara ya Sh. 250!

Bado hatujafika. Tuseme katika kila vioo kumi, kimoja huvunjika njiani au mezani. Basi kila dirisha libebe sehemu ya kumi ya bei ya kioo, yaani Sh. 240. Hasara sasa ni Sh. 490. Wala hatujataja almasi inayokwisha makali. Hivyo ndivyo ukoo unavyofanya kazi mwaka mzima, kila mtu amechoka, na hakuna anayejua fedha imekwenda wapi. Ndipo watu wanaanza kushukiana wizi, kumbe mwizi ni bei.

Ufa wa pili: jasho lisilo na jina

Katika mfano wetu, mtu wa kwanza kusahauliwa alikuwa nani? Ni mama, na kijana. Kijana wa miaka 22 anayefanya kazi kwa baba yake na kupewa "kitu kidogo" siku ya Idi au Krismasi, mwishowe ataondoka. Atakwenda Mombasa au Malindi kufanya kazi ile ile kwa mtu baki anayemlipa kila Jumamosi. Baba atalalamika kwamba vijana wa leo hawana adabu. Huenda. Lakini kwanza tuulize kama kijana alijua fungu lake ni lipi.

Ufa wa tatu: ujuzi ulio kichwani mwa mtu mmoja

Tulisema tutarudi kwenye siri. Fundi mwingine hapendi kumwonyesha hata mwanawe jinsi anavyopima. Anaogopa kunyang'anywa wateja. Siku anapougua, karakana inafungwa. Kitengela waliendelea kwa sababu mama alifundisha wengi, na mwana alipotaka njia yake hakuzuiwa. Ujuzi ulioandikwa na kufundishwa kwa watu wawili au watatu ndio akiba ya kweli ya ukoo.

Ufa wa nne: arbuni na urithi

Huu ndio mzito kuliko wote. Tuseme fundi ana arbuni za wateja watatu, kila mmoja ametoa Sh. 3,000, jumla Sh. 9,000. Ghafla anafariki. Wateja wanakuja matangani kudai. Watoto wanasema hawajui lolote. Ndugu wa marehemu wanachukua meza, misumeno na almasi kwamba ni mali ya ndugu yao. Mwana aliyevukuta miaka kumi anabaki mikono mitupu, na jina la ukoo linaharibika mjini.

Hapa tukumbuke mambo mawili. Kwanza, deni la marehemu hulipwa kabla ya warithi kugawana. Dini zetu zinafundisha hivyo na sheria inasema hivyo. Arbuni ya kazi ambayo haijafanywa ni deni. Pili, kama hakuna karatasi inayotenganisha mali ya biashara na mali ya baba, vyote vitahesabiwa kuwa mirathi. Kwa ndugu zetu Waislamu mambo hayo yatasikizwa na Kadhi. Kwa wengine kuna Sheria ya Urithi na mahakama za kawaida. Kote huko utaulizwa swali moja: ushahidi uko wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari.

SEHEMU YA TATU: TUTENDE

1. Daftari tatu

Zinatosha daftari tatu za shule. La kwanza, fedha inayoingia na kutoka. La pili, wateja: jina, kipimo, bei, arbuni, tarehe ya kumaliza, na sahihi ya pande mbili. La tatu, siku za kazi za kila mtu wa nyumbani, pamoja na mama na mabinti. Asiyeshika fedha ndiye aandike. Na fedha ya biashara ikae akaunti au namba yake ya simu, isichanganywe na ya jikoni.

2. Mapatano ya ukurasa mmoja

Kaeni chini siku moja jioni, si siku ya ugomvi, mwandike:
- Vifaa vya biashara ni hivi na hivi, na ni vya nani.
- Kila anayefanya kazi atapata kiasi gani, na lini.
- Fungu la akiba ya vifaa na vioo vinavyovunjika.
- Nani atashika usukani mkuu akiugua au akifariki.
- Kijana akitaka kufungua karakana yake, ataondoka na nini na kwa taratibu gani.
- Tukikosana, tutamwita mzee gani atusikilize.

Wekeni sahihi mbele ya mashahidi wawili wasio wa nyumba hiyo. Halafu mpelekeeni wakili, Kadhi au mzee wa mtaa aitazame. Jina la biashara nalo lisajiliwe, na kama ni kikundi, kisajiliwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii kwa mujibu wa sheria ya usajili wa vikundi ya mwaka 2022.

3. Ujuzi uandikwe: mfano wa kutia kioo

Kila karakana iwe na karatasi ukutani kama hii:
- Pima fremu sehemu tatu, juu, katikati na chini. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote.
- Punguza milimita 3 ili mbao zikivimba kwa unyevu zisivunje kioo.
- Kioo kilale juu ya meza sawa yenye blanketi. Kisafishwe kwanza.
- Chovya almasi katika mafuta ya taa kidogo. Piga mstari mara moja tu, bila kurudia. Anayerudia huvunja.
- Vunja mara moja, mstari ukiwa ukingoni mwa meza.
- Paka puti nyembamba kabla ya kuweka kioo, kisha puti ya nje kwa mteremko maji yasitwame.
- Karibu na bahari tumia skrubu za shaba au chuma kisichoshika kutu. Chumvi hula chuma cha kawaida haraka.

4. Usalama

Viatu vilivyofunika vidole, glovu na miwani. Kioo kibebwe kikiwa kimesimama, hasa katika mashua kutoka Mokowe, kisilazwe. Vipande viwekwe katika pipa lenye mfuniko, si ufuoni wanapocheza watoto.

Kwa wanaojaribu vioo vya rangi: risasi ni sumu. Haionekani, lakini huingia mwilini kidogo kidogo kwa vumbi na kwa mikono. Hudhuru zaidi watoto na mama wajawazito, hata ubongo wa mtoto. Basi kusiliwe wala kunywewa ndani ya karakana. Dirisha liwe wazi wakati wa kulehemu. Nawa mikono kwa sabuni, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto. Biashara ya ukoo isiuwe ukoo.

MASWALI YA MAJADILIANO

Gawanyikeni watu watano watano. Ni vizuri vijana wakae peke yao kwanza, na akina mama peke yao, halafu mkutane.
1. Katika nyumba zetu, nani anavukuta na hatajwi?
2. Kuna kazi gani ya ukoo hapa kijijini iliyokufa pamoja na mzee wake? Ingeokolewa namna gani?
3. Nani Croze alianza na vioo vilivyotupwa. Ufuoni na majaani kwetu kuna nini tunachokipita kila siku?
4. Kijana akitaka njia yake, je, tumwite mwasi au tumwite jirani wa biashara?
5. Fundi wetu akifariki usiku wa leo, wateja watamdai nani kesho?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanakikundi achague kitu kimoja alichouza mwezi uliopita, kiwe dirisha, mkeka, kikapu au samaki wa kukaanga. Aandike gharama zote, kisha siku za kazi za kila mtu aliyegusa, hata mtoto aliyetumwa dukani. Atoe moja kwa nyingine aone kama alipata au alipata hasara. Mweka hazina akusanye karatasi, msomeane bila kuchekana.

Na yule mwenye karakana ya ukoo, kabla hajalala leo, aite watu wake wote waketi pamoja awaonyeshe daftari la arbuni. Kama halipo, alianze usiku huo huo.